Nyoka Mgeni Hataki Kubembelezwa, Anataka Kujificha

Watu wengi wanaoleta nyoka nyumbani kwa mara ya kwanza huanza kulalamika kabla wiki mbili hazijaisha: nyoka hali chakula, akikaribiwa anafoka, usiku kucha anazunguka akisugua pua kwenye kioo. Lawama anatwishwa nyoka. Kwa maoni yangu kosa mara nyingi ni la mwenyeji, aliyepanga boksi la kioo la kumfugia huku nyoka akisubiri ndani ya mfuko, kisha akashindwa kuizuia mikono yake.

Joto la boksi liwashwe siku tatu au nne kabla nyoka hajafika. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Chakula alichomeza kinasagika kwa joto la mahali alipolala. Chatu wa kifalme, Python regius, anataka sakafu ya nyuzi 31 hadi 33 upande wa moto na 24 hadi 27 upande wa baridi, na unyevu hewani wa asilimia 60 kwenda juu. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, anaridhika na nyuzi 29 hadi 31 upande mmoja, 22 hadi 25 upande wa pili, na unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Pima kwa vipimajoto viwili vya dijitali, kila upande chake. Vile vya mshale vya kubandika ukutani havina faida: vinapima hewa ya juu, na nyoka amelala chini.

Mkeka wa umeme wa kupasha joto boksi kutoka chini usiuwashe kabisa bila thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Kioo kinaweza kupanda kupita nyuzi 40, na nyoka hana mazoea ya kukimbia moto unaotoka chini. Anaweza kubaki palepale mpaka ngozi ya tumbo iungue. Kihisi cha thamostati kikae kati ya mkeka na kioo, kwa nje, kisha uhakikishe kwa kipimajoto kilichoko ndani. Kihisi kinachoning'inia ndani kwa kishikizo cha mpira kitang'oka siku moja, thamostati isome hewa baridi na kuendelea kuchochea moto. Na usikishike kwa gundi ya utepe ndani ya boksi. Nyoka akijibandika hapo, magamba yanatoka na utepe.

Sasa maficho, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mawili ni kima cha chini, moja upande wa moto na moja upande wa baridi, yafanane. Likiwa moja tu, nyoka analazimika kuchagua kati ya joto analolihitaji na usalama, na kwa kawaida huchagua usalama. Atakaa kwenye baridi wiki nzima, tumbo halisagi, halafu mfugaji anashangaa kwa nini mlo umetapikwa. Ficho liwe dogo kiasi kwamba akijikunja ubavu wake unagusa kuta, na liwe na mlango mmoja. Yale mapango makubwa ya kupendeza ni pambo la mwenye nyumba. Nafasi inayobaki ijaze matawi, magome na majani ya plastiki. Husikika sana kwamba nyoka mchanga anaogopa boksi kubwa. Mimi nasema anaogopa uwanja mtupu. Ukilijaza, na ukifunika pande tatu za kioo kwa karatasi, ukubwa haumsumbui.

Matandiko ya maganda ya nazi yaliyokatwakatwa, kina cha sentimita 5 hadi 8, yanafaa kwa anayependa unyevu. Maranda ya mwerezi usiyaguse, mafuta yake yanadhuru mapafu. Kama una nyoka wengine, huyu mgeni akae chumba tofauti siku 60 hadi 90 juu ya karatasi nyeupe, ili utitiri uonekane. Vidoti vyeusi vilivyozama kwenye bakuli la maji ndiyo dalili ya mapema.

Siku ya kumwingiza, laza mfuko ukiwa wazi karibu na ficho, atoke mwenyewe. Funga kifuniko kwa kufuli au vibanio, maana pengo linalopitisha kichwa linapitisha nyoka mzima. Zima taa, ondoka. Ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hapa hautumiki; siku ya saba bado ni mgeni. Kazi yako ni kubadilisha maji na kutoa kinyesi, basi. Kumfunua kila jioni ili uone kama yupo kunamfundisha kwamba ficho halifichi. Badala yake, sawazisha matandiko kwa kiganja usiku, asubuhi utaona mkondo alikopita.

Chakula kingoje siku 5 hadi 7. Muulize aliyekuuzia alikuwa anakula nini, ukubwa gani, mara ya mwisho lini, na kama alizoea panya wa kugandishwa. Panya asizidi unene wa sehemu pana ya mwili wa nyoka. Myeyushe kabisa, kisha mtumbukize kwenye maji ya moto kiasi mpaka mwili uwe na joto, mkaushe, mpeleke kwa koleo ndefu jioni taa zikiwa zimezimwa. Akikataa, mwache panya karibu na ficho usiku huo, asubuhi mtupe, na usijaribu tena kabla ya siku 7. Kumpa kila siku ndiko kunakorefusha mgomo. Panya hai usimwache naye peke yake, panya anaweza kumng'ata nyoka mpaka mfupa. Macho yakiwa na ukungu wa samawati anakaribia kujivua, hivyo kukataa si ajabu. Kinachotisha ni mdomo kubaki wazi, mapovu puani au mlio anapovuta pumzi: huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Akitapika, asipewe chochote siku 10 hadi 14, na mlo unaofuata uwe mdogo.

Kumshika kungoje mpaka amekula mara mbili au tatu mfululizo bila kutapika, na saa 48 zipite tangu mlo wa mwisho. Mguse kwanza kwa kitu kisicho na harufu ya panya ili ajue si chakula kinachokuja. Mnyanyue kutoka ubavuni, kwa sababu adui zake wengi humjia kwa juu. Dakika tano zinatosha, mrudishe akiwa bado ametulia, kisha nawa mikono kwa sabuni, kwani reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha ugonjwa wowote.