Amani bila mwongoza wageni ni kuona majani tu

Kila likizo naona picha za vijana waliopanda hadi msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara, kule Muheza. Wamesimama chini ya mti mrefu, ukungu nyuma yao, na maneno yameandikwa: "Msitu wa asili." Nafurahi kwamba watu wetu wanaitembelea milima yetu. Ila nikiwauliza walitembea na nani, wengi wananijibu kwamba mwongoza wageni hawakumchukua, ili kuokoa hela. Hapo ndipo roho inaponiuma, maana mti ule walioupiga picha pengine si wa asili hata kidogo.

Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi nilipotembea na mzee mmoja wa kijijini, Msambaa aliyezaliwa humo humo milimani. Tulianzia Zigi, palipo na nyumba ya mkuu wa stesheni tangu enzi za reli ya Wajerumani, tukapanda polepole. Baada ya mwendo akachuma jani, akalifikicha kiganjani.

"Nusa, mwanangu."

Nikanusa, mwili ukasisimka. Kafuri! Harufu ile ile ya siku tuliyomzika bibi yangu. Miaka yote nimeijua kafuri ya dukani, nyeupe, imefungwa kwenye karatasi. Sikuwahi kuwaza kwamba ina mti wake, wala kwamba nitaukuta Tanga.

Mti huo asili yake ni Asia ya Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti na bustani ya mimea, wakakusanya miti ya kila upande wa dunia: ya mpira, ya kwinini, ya mbao. Walitaka kujua kipi kitashika na kuleta faida. Na jasho lililofyeka miteremko ile na kupanda miche lilikuwa la Waafrika, jambo ambalo mzee alilirudia mara mbili ili lisinipite.

Waingereza wakaja, utafiti ukaendelea. Kwa walaji wa muhogo, hii ndiyo habari ya kushangaza kuliko zote: tangu miaka ya 1930, wataalamu wa Amani waliuchanganya muhogo na jamaa zake, mmojawapo mti wa mpira wa Ceará, Brazili, wakitafuta kinga dhidi ya batobato, ugonjwa unaoharibu majani ya muhogo. Uzao wa kazi hiyo ulifika hadi Nigeria, na damu yake imo katika mbegu nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika leo.

Kisha tukafika kwenye mti wa zile picha. Shina limenyooka, kivuli kizuri. Waganda wanauita musizi. Wanasayansi, Maesopsis eminii. Kwao ni upande wa Ziwa Victoria. Uliletwa Usambara ukapandwa, na miaka ya 1970 na 1980, magogo yalipokatwa kwa wingi, ukapata mwanya wa kuingia msituni. Ndege waitwao hondohondo wanakula matunda yake na kuzimwaga mbegu mbali. Mzee alinionyesha miche yake kando ya njia, mingi mno, nami dakika moja kabla niliiona kijani tu kama kijani kingine.

Cha asili kabisa alinionyesha kwenye jiwe bichi karibu na kijito: Saintpaulia, kaua ka zambarau kasichozidi ukucha wa kidole gumba, majani yake yana manyoya laini. Maua ya vyungu yanayopamba madirisha ya Ulaya na Marekani chimbuko lake ni haya, na jina lile la kisayansi kalipewa mwaka 1893, kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Peke yangu ningekakanyaga.

Amani imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na waliokua kando yake wanajua mambo ambayo hayamo kwenye kibao chochote. Kwa hiyo sikubali hela ya mwongoza wageni iitwe nyongeza. Matembezi yenyewe ni yeye. Na walimu wa Tanga, tafadhali, mkiwapeleka watoto, msiwape saa moja ya kukimbizana hadi kwenye maporomoko. Wapeni siku nzima na mtu wa kijijini, wanuse, waulize.

Mwezi wa sita shule zikifungwa nawapeleka wapwa zangu wawili. Nimeshampigia mzee simu. Amesema tuwahi, kima wangali karibu na njia, na kila mtoto aje na daftari lake.