Norquay alibebeshwa mzigo usio wake

John Norquay alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Manitoba, Kanada, kuanzia 1878 hadi 1887. Akitajwa, husemwa alianguka kwa kashfa ya fedha. Ni kweli, ila ni nusu tu ya habari.

Alizaliwa 1841 katika bonde la Mto Red, mtu wa Métis, yaani mwenye asili ya Kizungu na ya wenyeji wa nchi ile. Akawa yatima angali mdogo, bibi yake akamlea. Alisoma, akafundisha shule, kisha akashika jembe huko High Bluff, kando ya Mto Assiniboine, na biashara ya manyoya akiifanya pembeni. Manitoba ilipoingia Kanada mwaka 1870, watu wa High Bluff walimpeleka katika bunge la jimbo bila kupingwa. Alikuwa pandikizi la mtu, pauni 300 na ushei, na inasimuliwa kwamba akienda kwenye dansi alibeba jozi ya pili ya viatu vya ngozi, maana ya kwanza ingeisha kabla ya kukucha. Mtu wa namna hiyo mimi ningempigia kura.

Tatizo ni jimbo alilokabidhiwa. Ardhi ya umma ilibaki mikononi mwa Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, na jimbo likaishi kwa ruzuku. Utawajengea nini wakulima ikiwa kila senti unaifuata makao makuu, kofia mkononi?

Halafu ikaja reli. Mkataba wa kampuni ya reli ya Canadian Pacific ulizuia kwa miaka 20 reli nyingine kujengwa kusini mwa njia yake kuelekea mpaka wa Marekani. Mwenye ngano alilipa nauli aliyotajiwa, apende asipende. Bunge la Manitoba likapitisha sheria za kujenga reli zake. Serikali ya John A. Macdonald, waziri mkuu wa Kanada, ikawa inazifuta.

Mwaka 1887 Norquay akasema liwalo na liwe, kazi ya Red River Valley Railway, reli ya jimbo ya kuelekea mpaka wa Marekani, ikaanza. Ottawa ikaifuta sheria yake pia, na fedha za kuendelea hazikupatikana. Wakati huohuo, kwa kuamini kwamba Ottawa imekubali kutoa ardhi, serikali yake ilikuwa imewakabidhi wajenzi wa reli ya Hudson Bay hati za dhamana za jimbo, yaani hati za mkopo. Ottawa ikakana. Kashfa ndiyo hiyo, na Desemba akajiuzulu. Hapo simtetei: ahadi isiyo na maandishi ni mavuno yaliyo bado shambani, na mkulima alipaswa kulijua hilo kuliko wote.

Ila tazama kilichofuata. Mwaka 1888, chini ya waziri mkuu mpya wa jimbo, Thomas Greenway, ukiritimba ule wa Canadian Pacific uliondolewa, na sifa zikamwendea Greenway. Norquay akafa Julai 1889, akiwa na miaka 48. Ardhi ya umma yenyewe Manitoba ilikabidhiwa 1930.