Kaseti Isiyomsubiri Mtu

Mwaka jana nilikuwa kwenye harusi ambayo bendi yake ilikuwa mtu mmoja na kinanda. Mnaijua bendi hiyo. Anabonyeza kitufe, midundo inajipiga yenyewe, naye anaimba juu yake. Ubeti wa pili mwimbaji akapaliwa, akakohoa, mashine ikaendelea zake. Alipojikusanya, wimbo ulikuwa umeshafika kwenye kiitikio bila yeye. Watu walicheka. Mimi nikawakumbuka Young Marble Giants.

Si ajabu kama hujawahi kuwasikia. Walikuwa watatu tu, wa Cardiff huko Wales: ndugu wawili, Stuart na Philip Moxham, na mwimbaji Alison Statton. Walianza 1978, wakatoa albamu moja, Colossal Youth, chini ya lebo ya Rough Trade ya London mwanzoni mwa 1980, na hata mwaka uliofuata haujatulia walikuwa wameshaachana. Jina la bendi na la albamu yote yametoka kwenye maelezo ya sanamu za kale za Ugiriki, zile za vijana wa mawe waliosimama wima mikono ubavuni. Majina makubwa hayo, kwa watu waliopiga muziki kama wanaogopa kumwamsha mtoto chumba cha pili.

Mpiga dramu hawakuwa naye. Binamu wa akina Moxham, Peter Joyce, aliyekuwa na mkono wa ufundi wa elektroniki, aliwaundia mashine ya midundo nyumbani. Midundo hiyo ikaingizwa kwenye kaseti, na jukwaani bendi ilipiga ikifuata kaseti. Basi. Tik, tik, pu, na mchakacho wa utepe kwa mbali.

Bendi nyingine za enzi ile zilizitumia mashine kutisha. Suicide wa New York walikuwa wakizipiga hadi wasikilizaji wanakasirika. Cabaret Voltaire wa Sheffield walizifanya zingurume kama karakana. Ndiyo maana waandishi wengi wanapofika kwa hawa wa Cardiff husema tu kwamba walikuwa "watulivu", wakapita. Mimi naona wamepitwa na jambo lenyewe.

Mpiga dramu wa damu na nyama ana masikio. Akisikia mwimbaji pumzi imekata, anavuta kidogo, anamsubiri. Kaseti haina adabu hiyo. Ikishaanza imeanza, na atakayejikwaa ataachwa. Sasa isikilize albamu ukiwa na hilo kichwani. Stuart anafunika nyuzi za gita kwa kiganja ili kila noti ife mapema, isije ikamzuia mwenzake. Besi la Philip ndilo linalobeba melodi, lakini linaacha mapengo mapana. Na Alison haongezi madoido hata kidogo. Anaimba kama mtu anayejisomea barua, anaweka neno mahali pake, ananyamaza. Huo si ubaridi. Ni watu watatu wanaochungana kwa sababu wa nne hajali. Nyimbo 15, zilizorekodiwa kwa siku chache tu kwenye studio ya Foel, mashambani Wales, na sijasikia mahali ambapo mmoja wao amemkanyaga mwingine.

Kinachoniudhi kidogo ni jina la Kurt Cobain, yule mwimbaji wa bendi ya roki ya Nirvana ya Marekani, kutangulizwa kila wanapotajwa, kama vile wanahitaji mdhamini. Ni kweli aliwapenda sana. Ni kweli pia kwamba Hole, bendi ya mkewe Courtney Love, waliurudia wimbo wao Credit in the Straight World mwaka 1994. Wameupiga vizuri, kwa hasira na dramu za kweli. Lakini ukiwa na dramu za kweli unaweza kupiga kelele utakavyo. Bendi nzima itakufuata. Wimbo umekuwa mwingine.

Wimbo wangu hasa ni Final Day, wa mwaka huohuo wa 1980. Unaelezea siku ya mwisho ya dunia, vita vya nyuklia vikiwa hofu ya kila nyumba Uingereza, na unakwisha kabla ya dakika 2. Nyuma yake kuna mlio mmoja mwembamba, kama wa friji usiku. Alison anausimulia mwisho wa watu wote kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya basi kuchelewa. Nimeusikiliza miaka mingi na bado huwa naacha ninachokifanya.

Juzi nilimwekea mpwa wangu, ambaye hutengeneza midundo kwenye simu. Akasikiliza hadi katikati, akauliza, "Anko, dramu zinaingia saa ngapi?"

"Zimeshaingia."

Akaurudisha mwanzo, safari hii simu ameibana sikioni. Ulipokwisha hakusema kitu. Aliniomba chaja, betri ilikuwa imebaki asilimia 4.