Kadi Yangu Ilikuwa ya Singo

Ndiyo, yule mtu kwenye ile video ya ukumbini na bibi harusi, mliyotumiwa tangu juzi usiku, ni mimi. Koti ni la rumeti wangu, na yeye ndiye aliyerekodi, na ndiye anayewaambia kwamba nililia. Sikulia. Yale ni macho ya mtu aliyemulikwa taa karibu mno. Mengine niachieni niyaseme mwenyewe, maana habari zake zina chumvi kuliko kayabo, wale samaki wakavu wa chumvi wa soko la Mwaloni.

Mnanijua: Mkenya, mtoto wa Kisumu, mwaka wa 2 chuoni hapa Mwanza. Ziwa ni lilelile, nikadhani na maisha ni yaleyale. Nimeshazoea kwamba omena huku ni dagaa, mbuta ni sangara, na ngege ni sato. Dukani sisemi tena "nipe maji", nasema "naomba maji", tena baada ya shikamoo. Nilijiona nimehitimu. Kumbe somo la sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, lilikuwa bado.

Kwetu ukiona hema na moshi, unanawa mikono. Huku unachanga kwanza. Rumeti alinijia na daftari: "Mkenya, dada anaagwa, nikuandike ngapi?" Nikatoa 30,000, kama elfu moja na mia tano hivi za kwetu, roho ikiniuma kidogo. Baada ya wiki kadi ikaja, inang'aa kama kanga mpya, na kwenye kona ya chini neno moja kwa herufi kubwa: SINGLE.

Jamani, niliguswa. Nikasema watu hawa wana utu, wamefuatilia mpaka hali yangu ya mahusiano. Nikanyoa ndevu.

(Wakenya wenzangu mliopo hapa, sikilizeni kabla hayajawakuta: singo maana yake kadi inaingiza mtu mmoja. Dabo, wawili. Basi. Haihusu moyo wako.)

Siku yenyewe rumeti alitangulia, yuko kwenye kamati, kavaa sare na anakimbizana na mambo ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Mimi nikafika na bajaji kutoka Malimbe, nimechelewa. Mlangoni dada wa mapokezi akaniuliza kwa adabu zote, "Kaka, umetoka upande gani?"

Upande gani! Nikamjibu kama mtu aliyeulizwa njia: "Kisumu dada, ila basi linapitia Sirari."

Sasa bwana harusi ni wa Tarime, na Sirari iko hukohuko. Dada wa watu aliposikia Sirari akanishika mkono, "Karibuni sana, wenzenu wameshafika," akanipeleka moja kwa moja kwa ndugu wa bwana harusi, meza ya mbele. Nikasema kweli Watanzania wanajua kukirimu mgeni. Nikasalimia wazee, nikakaa. Nyuma yangu kulikuwa na kijana mmoja ana suti nzuri anatokwa jasho. Nikamwonea huruma, nikampa tishu. Kumbukeni hiyo tishu.

Taa zikapunguzwa. MC akasema, "Bibi harusi, wako yumo humu ndani. Mtafute! Ukimkosa turudishiane michango!" Ukumbi ukalipuka. Binti akatokea na shada la maua la kuvisha shingoni, wapambe nyuma yake, anacheza hatua mbili mbele, moja nyuma. Anafika kwenye meza, anachungulia sura za wanaume, anatikisa kichwa. Watu wote: "Siyeee!" Meza nyingine. "Siyeee!"

Mimi sijawahi kuona sendofu. Akili yangu ikapiga hesabu: hapa wanaokaguliwa ni wale ambao hawajaoa. Kutakuwa na zawadi. Na mimi nina kadi.

Akaja kwetu. Akasimama. Akatazama upande wangu, akatabasamu tabasamu la meno yote. Hakuna aliyesema "siye". Taa ya kamera ikanipiga usoni. Nikainuka, nikafunga kifungo cha koti, mikono ya koti ikapanda karibu na kiwiko. Nikafumba macho, nikainamisha shingo kama ndafu yenyewe.

Nikangoja.

Nikasikia harufu ya maua, ua moja likanigusa sikio. Vigelegele vikaanza, halafu vikakatika katikati, kama jenereta iliyoishiwa mafuta. Nikafumbua jicho moja. Viatu vya bibi harusi viko mbele yangu, vinajaribu kupita kulia, mimi nimeziba. Vinajaribu kushoto, nami kwa heshima nikahamia kushoto. Nikageuka polepole. Yule kijana wa tishu naye kasimama, kainamisha shingo, tishu yangu bado iko mkononi.

MC hakunisitiri. "Jamani, leo waombaji ni wawili! Huyu wa mbele, una kadi?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili hukaa chini. Mimi nikaingiza mkono mfukoni, nikaitoa, nikaiinua juu ukumbi mzima uione:

"Ninayo! Ya singo!"

Sitaeleza kicheko kile. Mzee mmoja wa Tarime aliteleza kwenye kiti. Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyenivuta mkia wa koti, "Kaa baba, kaa, chakula kinakuja," kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Nikakaa. Chakula nilikula, nilichangia. Pole nilimpa bwana harusi nje, akacheka mpaka akanirudishia tishu.

Rumeti akarusha video kwenye grupu la darasa kabla sijafika chumbani. Muuza chipsi wa getini ananiita Singo. Mama kanipigia kutoka Kisumu, anauliza mbona naoa bila kumwambia.

Kadi ya harusi ya Tarime imenifikia jana. Ni ya dabo, na chini yake mtu kaongeza kwa kalamu: akae meza ya nyuma.