Menyu ya Masaki Nayo Iseme Kiswahili

Shosti wangu ni mtu wa Tanga, na tangu tulipokutana chuoni sijawahi kumwona akishindwa kuagiza chakula. Ijumaa iliyopita alishindwa. Aliishika menyu, akaipindua, akairudisha ilivyokuwa, kisha akaniambia taratibu, "Niagizie wewe mwaya, mimi nitakula chochote." Mwanamke ambaye watu humwita kusimamia sufuria za pilau la harusi anasema atakula chochote! Neno lile limenikaa moyoni mpaka leo.

Tulikuwa Masaki, Dar es Salaam, kwenye mgahawa wa Kitaliano ambao sitautaja jina, kwa sababu ninalolalamikia nimelikuta kwenye migahawa mingi ya aina hiyo, kuanzia Oysterbay hadi Mbezi Beach. Mahali penyewe ni pazuri sana. Ua mpana, mwembe mkubwa uliozungushiwa taa ndogo za njano, tanuri la matofali ambalo moto wake unauona tangu getini. Mwenzangu alitoka Kimara kwa basi la mwendokasi mpaka kituo cha Morocco, akamalizia na bajaji. Mimi nilitoka Tabata na foleni yake. Hatukuwa tumekaa meza moja tangu arobaini ya baba yake. Miaka hii tunaonana misibani na kwenye vikao vya harusi tu, kwa hiyo usiku ule tuliupanga miezi miwili, na hela yake tukaiweka pembeni.

Mhudumu alitukaribisha kwa Kiingereza. Tukamjibu kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kiingereza. Simlaumu, ilionekana ndivyo alivyoelekezwa. Menyu nayo ilikuwa na Kiitaliano juu na Kiingereza chini. Nikatazama meza za jirani: familia iliyokuja na bibi yao, vijana wanne wenye keki ya siku ya kuzaliwa, wanaume wawili wanaongelea viwanja vya Kigamboni. Wote hao walikuwa wanazungumza Kiswahili.

"Mdogo wangu," mwenzangu akamwambia mhudumu, "nielezee kwa Kiswahili. Hiki hapa ni nini?"

Kijana akageuka kutazama nyuma, akainama kidogo, akaanza. "Hizo ni tambi dada. Zinachemshwa kwenye maji ya chumvi, zinatolewa kabla hazijalegea, ukitafuna unazisikia kwenye jino. Pembeni kitunguu saumu kinakaangwa na mafuta ya zeituni, kisichomwe. Kamba wanaingia mwishoni kabisa, wakikaa sana motoni wanakakamaa. Halafu unachota maji kidogo yale ya tambi unamwagia humo, ndiyo yanashikisha mchuzi." Alikuwa anatuonyesha kwa mikono jinsi kikaango kinavyotikiswa. Dakika tano kabla, kijana huyohuyo alikuwa anatusomea sentensi fupifupi alizokaririshwa. Kumbe anakijua chakula hatua kwa hatua, ila hakuna aliyempa ruhusa ya kukisema!

Mwenzangu aliagiza palepale, bila kuniuliza tena.

Na hapo nataka niwaeleze wenye migahawa jambo moja kuhusu hao Waitaliano wenyewe. Majina yanayotutisha kwenye menyu, kwao ni maneno ya nyumbani kabisa. Spaghetti imetokana na spago, yaani uzi au kamba, kwa hiyo ni vikamba. (Nilipomwambia mwenzangu kwamba sahani yake ni vikamba na kamba, alicheka mpaka bibi wa meza ya pili akatugeukia na kucheka naye.) Linguine ni vilimi. Farfalle ni vipepeo. Orecchiette ni visikio. Vermicelli, mtanisamehe mnaokula sasa hivi, ni viminyoo. Marinara ni mchuzi unaohusishwa na mabaharia. Nyanya, ambayo asili yake ni Amerika na iliwafikia karne ya 16, waliiita pomodoro, tunda la dhahabu. Kitu kilitoka ng'ambo ya bahari, wakakipokea na kukipa jina ambalo mama wa kijijini anaweza kulitamka akiwa jikoni. Ukiniambia unauza chakula cha Kitaliano kwa heshima yake yote, basi na hiyo ni sehemu ya heshima yake.

Sisemi wafute majina ya asili. Piza ibaki piza, tumeshaizoea. Ufundi wa wapika piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2017, na wanastahili: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira, unaumuka kwa saa nyingi, kisha dakika moja na nusu hivi kwenye tanuri la kuni lenye moto mkali. Siombi jina hilo liguswe. Naomba mstari mmoja chini yake. Kiingereza kiwepo pia, wageni wapo na wanakaribishwa. Lakini ni UNESCO hiyohiyo iliyoipa lugha yetu siku yake, tarehe 7 Julai. Ni ajabu kwamba Dar es Salaam ndiko inakokosa nafasi kwenye karatasi ya chakula.

Nimeshawahi kujibiwa kwamba Kiswahili kitaishushia menyu hadhi. Aliyenijibu alikuwa Mtanzania mwenzangu, na alikuwa anamaanisha. Jibu hilo liliniuma kuliko bei, na bei si ndogo. Sahani ya mwenzangu ilikuwa shilingi 38,000. Hadhi ipi? Kamba wanavuliwa Rufiji. Nyanya nzuri zinalimwa Ilula. Njombe kulijengwa kiwanda cha maziwa kwa ushirikiano na Waitaliano, na jibini la kwao limetengenezwa hukohuko nyanda za juu. Waitaliano hawakuja kwetu jana. Ile I kwenye jina la TIPER, kiwanda cha kusafisha mafuta kilichojengwa Kigamboni, hapo mwanzo ilikuwa yao. Vitu vimetoka kwetu, mpishi ni wetu, anayelipa ni sisi, halafu lugha ya watu hao wote ndiyo inayoambiwa isubiri nje getini.

Mimi niliagiza risotto. Ni wali unaopikwa kwa kuongezewa supu kidogo kidogo huku unakorogwa, mpaka punje zinaachia wanga wake na kuwa laini kama uji mzito, ila kila punje bado ina kiini. Mwenzangu alichota kijiko kimoja, akafumba macho. "Mashendea," akasema. "Hawakutia tui tu." Kisha akatuambia, mimi na yule kijana aliyekuwa amekuja kutuongezea maji, jinsi mama yake anavyopika mashendea, kiasi cha tui la kwanza na la pili, na kwa nini hutakiwi kuondoka jikoni. Kijana alisahau meza nyingine. Juu ya piza ya jirani kulikuwa na majani mabichi ambayo harufu yake ilitufikia, mwenzangu akauliza kama ndiyo rehani. Akaletewa jani moja kwenye kisahani. Akalisugua kwenye vidole, akaninusisha. Ni rehani, jamii ileile inayoingia kwenye kikuba, kile kishada cha kujipamba chenye harufu, pamoja na asumini. Hakuna mwanamke wa pwani anayehitaji kuelezwa harufu hiyo, na kwenye menyu hiyohiyo lilikuwa neno ambalo hakulitambua.

Tulikaa saa tatu na nusu. Hakuna aliyetuharakisha, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote, maana siku hizi saa tatu na nusu na rafiki ni kitu adimu kuliko kamba. Tuliongea habari za baba yake ambazo msibani hatukupata nafasi ya kuziongea. Alilia kidogo, akala, akaendelea kuongea. Wakati wa bili nilimwomba msimamizi tuzungumze, nikamweleza haya niliyoyaandika hapa, bila ukali. Alinisikiliza. Alisema atalifikisha kwa wakubwa wake, nami nikamwachia namba yangu ya simu, nikajitolea kumtafsiria menyu nzima bure.

Mama yake mwenzangu anakuja Dar mwezi ujao kuangaliwa macho. Ana miaka sabini na kitu, na tambi zake za nazi na iliki ndizo zilizotulisha sisi wawili Ramadhani zote za chuoni. Tumeshaweka nafasi ya meza ileile chini ya mwembe, na tumeomba yule kijana atuhudumie. Wakiwa hawajanipigia simu mpaka siku hiyo, menyu nitamsomea mimi.