Anayelala Peke Yake Hujilinda Mwenyewe

Kila ninapopiga simu Mtwara huulizwa kuhusu baridi, kazi na chakula, na majibu yangu yameshakuwa ya kukariri. Usingizi haumo katika maswali hayo, kwa sababu nyumbani wanaamini kwamba mtu aliyejaliwa chumba chake, chenye mlango unaofungwa na kitanda asichogawana na yeyote, lazima analala usingizi wa pono. Mimi naona kinyume chake. Naishi Hamburg peke yangu, na kila likizo hurudi katika nyumba ya wazazi wangu kata ya Chikongola, nyumba ya ukumbi mrefu yenye vyumba kulia na kushoto. Nikilinganisha usiku wa huku na wa kule, naona kwamba kinachomlaza mtu si ukimya wala nafasi, bali ni kujua kwamba yupo mwingine karibu atakayesikia likitokea jambo. Huyo akikosekana, mwili wenyewe huchukua zamu yake, na zamu hiyo haina mtu wa kuja kuipokea.

Kwanza niwape Wajerumani haki yao. Usiku wao unalindwa: kwa kawaida kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hairuhusiwi kupiga kelele za kumsumbua jirani, na Jumapili utulivu huo hudumu mchana kutwa, kiasi kwamba mtu hathubutu hata kutoboa ukuta apachike picha. Kuta ni nene, madirisha yana vioo viwili, na mbu si tishio la maisha. Hata mume na mke, jambo ambalo mama yangu alikataa kabisa kuliamini, mara nyingi hulala kitanda kimoja kila mmoja akiwa na blanketi lake. Takribani kaya mbili katika kila tano nchini humo ni za mtu mmoja tu, wakati kwetu Tanzania sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Naongeza kwa uaminifu kwamba sisi wa kusini hatuna kaya kubwa kama tunavyojidhania, kwani katika sensa ya 2012, wastani wa taifa ulipokuwa 4.7, Mtwara ilikuwa na 3.7 na Lindi 3.8. Lakini kaya ndogo ya kusini inapakana ukuta kwa ukuta na nyingine, ua ni mmoja, na mgeni wa kutoka Newala au Nachingwea hatoi taarifa kabla ya kuja.

Sasa nieleze usiku wa mtu mmoja ulivyo. Chumba changu kina jiko na kitanda ndani yake, na friji iko hatua chache kutoka kwenye mto wangu. Injini yake huwaka na kuzimika usiku kucha. Maji hugonga ndani ya bomba la kupashia joto. Mtu wa ghorofa ya juu, ambaye sijawahi kuiona sura yake, hutembea kwa viatu kuelekea chooni. Hakuna sauti kubwa hata moja kati ya hizo. Hata hivyo, kila moja lazima niitambue mwenyewe, niipe jina, kisha niamue kama inanihusu, na kazi hiyo haifanyiki bila kuamka angalau nusu. Usingizi wangu wa huko ni wa mang'amung'amu, ingawa saa za kulala ninazo za kutosha.

Chikongola mlango wa uani ukilia usiku wa manane, sauti ya mama hutoka chumbani kwake kabla sijafumbua macho: "Nani huyo?" Kaka hujibu, "Mimi, mama." "Umefunga komeo?" "Nimefunga." Basi, yamekwisha. Aliyesikia swali na jibu anajigeuza upande wa pili, na asiyesikia hatajua kamwe kwamba kulikuwa na swali. Jogoo wa jirani anawika kabla ya wakati wake, baba anakohoa, watoto waliolala watatu chini ya chandarua kimoja wanagombana wakiwa usingizini, kisha inakuja adhana ya alfajiri. Na mimi, ambaye Hamburg huamshwa na friji, nakwenda hadi kunakucha.

Jambo hili si la hisia zangu pekee. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapahapa Tanzania, miongoni mwa Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa mkononi vifaa vya kupima mwendo wa mwili kwa siku 20, na katika jumla ya zaidi ya saa 220 za usiku, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wakati wowote mwingine alikuwapo aliye macho, au aliyelala usingizi mwepesi. Hakuna aliyepanga zamu hiyo. Ilitokana hasa na tofauti za umri, kwa kuwa wazee hulala mapema na kuamka mapema, ilhali vijana huchelewa. Niliposoma hayo niliiona nyumba yetu. Baba akishaswali isha haongezi neno, na huamka kabla ya mwadhini. Wadogo zangu wako na simu zao hadi usiku wa manane. Katikati yao yuko mama, ambaye sijawahi kujua hulala saa ngapi. Nyumba ya watu wa rika mbalimbali ina mlinzi bila kuajiri mlinzi.

Sikusudii kusema kwamba wingi wa watu peke yake unatosha. Watafiti wa Marekani waliwapima watu wazima 95 wa jamii ya Wahutterite huko South Dakota, watu wa dini moja wanaoishi, kufanya kazi na kula kwa pamoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba hata humo, waliojihisi wapweke zaidi ndio waliokuwa na usingizi unaokatikakatika zaidi, ingawa urefu wa usingizi wao haukuwa tofauti. Kwetu pia wapo watu wa namna hiyo. Yupo bibi harusi aliyeletwa Mtwara kutoka Masasi, anayelala katika nyumba ya wakwe zake huku akijipima hata anavyokohoa. Yupo binti wa kazi anayetandikiwa godoro ukumbini, mahali anapopita kila aendaye chooni, ambaye sauti ya kila mlango ni amri inayoweza kumwangukia. Hao wamezungukwa na watu, lakini hakuna kati ya watu hao anayekesha kwa ajili yao.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa ughaibuni ambao, kwa kuchoshwa na upweke, huyasifia maisha ya nyumbani kana kwamba hayana gharama. Gharama ipo, na mlipaji wake ni mwanamke. Anayeuliza "Nani huyo?" ni mama, haijawahi kuwa baba, na ndiye pia anayeinuka mtoto akiweweseka, anayetafuta tochi umeme ukikatika na feni kusimama, na anayetangulia jikoni asubuhi. Sisi wengine tunalala vizuri kwa sababu yeye halali vizuri. Mwezi wa Novemba na Desemba, joto likishapanda na kabla mvua haijakolea, chumba cha watu wanne chini ya bati hakivumiliki. Mwili unahitaji kupoa kidogo ili usingizi uingie, na miili mitatu kando yako haikusaidii kupoa. Kijana wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani katika nyumba kama hiyo ana haki ya kulalamika, na msimu wa ngoma za unyago ukianza mtaani hana hata pa kukimbilia.

Mwanga nao una sehemu yake, nami siwezi kuutwika upweke mzigo wote. Mwezi Juni jua la Hamburg huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, ilhali Mtwara mwaka mzima giza linaingia katika saa ileile au karibu nayo. Mapazia mazito yanaweza kulimaliza tatizo hilo. Kwa friji na nyayo za jirani sijapata pazia.

Ndiyo maana mgeni wa kutoka kusini anayekuja Ujerumani kusoma au kufanya kazi, akiniuliza kuhusu makazi, humshauri apange chumba katika nyumba ya kushirikiana na wengine, kama wafanyavyo wanafunzi wengi wa huko, hata kama ana uwezo wa kulipia chumba cha peke yake. Atagombana na wenzake kuhusu vyombo vichafu na kuhusu nani amemaliza maziwa, lakini usiku atasikia funguo mlangoni na atajua ni za nani. Wenye ndoa nao wasikimbilie kutengana vyumba kwa sababu ya kukoroma tu. Katika mji wa Kiel, si mbali na ninapoishi, watafiti waliwapima jozi 12 za wapenzi, mwanamume na mwanamke, wakilala pamoja na wakilala mbalimbali, na mwaka 2020 wakaripoti kwamba walipolala pamoja walipata usingizi wa ndoto mwingi zaidi, kwa takribani asilimia 10, tena usiokatizwa sana, japokuwa mikono na miguu yao ilijitupatupa zaidi. Jozi 12 ni chache, na walikuwa vijana. Mwenye mume anayekoroma kama mashine ya kukoboa ana uamuzi wake.

Linalonisumbua zaidi kuliko usingizi wangu ni wa wazee tuliowaacha. Zamani, babu akifariki, mjukuu mmoja alipelekwa kulala kwa bibi. Hakuna aliyeita jambo hilo huduma. Mtoto alibeba kanga yake ya kujifunika jioni, akala huko, akalala huko, na asubuhi akapitia nyumbani kuchukua daftari. Siku hizi mjukuu yuko shule ya bweni, au yuko Dar es Salaam na wazazi wake, na bibi amebaki na nyumba ambayo sisi wa nje tumeitia vigae na nondo madirishani. Tunatuma fedha za mlinzi wa getini, tukidhani tumemaliza. Mlinzi anaulinda ukuta. Bibi akianguka akienda chooni, yule aliyeko nje ya geti hatasikia, na bibi analijua hilo kila anapozima taa.

Kaka yangu, aliyeko Lindi mjini, haafikiani nami katika hili. Shangazi yetu, mjane, anaishi peke yake Mikindani, na kaka anataka tuchange tujenge ukuta mrefu zaidi na kuweka taa za nje. Mimi nimependekeza fedha hizohizo zilipie karo, nauli na sare za binti wa mdogo wetu, ahamie shule ya kutwa ya hukohuko na alale kwa shangazi, kwa sharti kwamba binti apewe chumba chake cha kusomea, asigeuzwe mtumishi, na siku za mitihani binamu yake mkubwa ashike nafasi yake ili naye alale. Kaka anasema namtwika mtoto mzigo wa watu wazima. Hoja yake ina uzito, na ndiyo maana nimesisitiza zamu. Shangazi mwenyewe alipoulizwa hakuzungumzia ukuta wala taa. Aliuliza binti anakuja lini, na kama anakula pweza.