Kiumbe Aliyenyang'anywa Ulimi

Kiswahili humlazimisha mtu anayeandika habari za Frankenstein kutoa hukumu mapema, kabla hata hajaanza kusimulia kisa. Akimwita yule aliyeumbwa maabarani jitu, itambidi aandike kwamba lilisimama, likatembea, likaua. Akimwita kiumbe, ataandika kwamba alisimama, akatembea, akalia. Mimi nimechagua kiumbe, kwa sababu Mary Shelley, katika riwaya yake iliyotoka mwaka 1818, alimpa sura kadhaa mfululizo za kujieleza kwa kinywa chake mwenyewe. Filamu ya James Whale ya mwaka 1931, ambayo ndiyo iliyofanya sura yake ijulikane duniani kote, ilimgeuza jitu kwa kumnyima maneno, na pamoja na mapenzi yote niliyo nayo kwa filamu hiyo, jambo hilo linaniuma kila ninapoitazama.

Naipenda kweli. Boris Karloff, anayemwigiza kiumbe akiwa amebebeshwa kichwa bapa na kope nzito alizotengenezewa na mpambaji Jack Pierce, anaigiza kwa mikono kuliko waigizaji wengi wanavyoweza kwa hotuba. Kuna mahali ambapo Henry Frankenstein, mwanasayansi aliyemuumba (katika riwaya jina lake ni Victor), anafungua paa, na kiumbe, ambaye tangu aumbwe amewekwa gizani, anainua uso, kisha anainua mikono yote miwili polepole, kana kwamba mwanga ni kitu kinachoweza kushikwa. Paa linafungwa. Anabaki amemnyooshea muumba wake viganja vitupu, na mtazamaji anaelewa kwamba anaomba, ingawa hajui bado kuomba ni nini.

Lakini filamu ilitia jambo ambalo halimo kitabuni. Fritz, msaidizi wa Henry, anakwenda kuiba ubongo katika chuo cha udaktari, anaiangusha chupa yenye ubongo wa mtu wa kawaida, na asitake kurudi mikono mitupu, anachukua ule ulioelezwa darasani kuwa ni wa mhalifu. Kwa chupa hiyo moja kisa chote kinageuka, kwani kila ovu ambalo kiumbe atalitenda baadaye limekwisha kupewa sababu hata kabla hajafumbua macho. Riwaya haitupi kimbilio hilo. Humo Victor anamkimbia usiku uleule anapomwona akipumua, kwa kuchukizwa na sura yake tu, na mwana huyo mwenye kimo cha kutisha anaijua baridi, njaa na upweke bila mzazi wa kumwongoza. Anajifunza lugha kwa kuchungulia katika ufa wa ukuta wa familia ya De Lacey, anasoma utenzi wa John Milton kuhusu kuasi na kuanguka, na anapokutana na Victor kwenye barafu ya milima ya Alps anamweleza kwa ufasaha kwamba alikuwa mwema mpaka mateso yalipomharibu. Wahenga wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nami sijaona muhtasari wa riwaya hii unaoushinda huo. Shelley mwenyewe aliyajua machungu ya upande huo: mama yake, Mary Wollstonecraft, alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797, na mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa mchanga mwaka 1815, mwaka mmoja kabla hajaianza riwaya hii karibu na ziwa la Geneva akiwa na umri wa miaka 18. Nashindwa kuamini kwamba mwandishi wa namna hiyo angeridhika kuambiwa kuwa kosa lilikuwa la ubongo.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi majini. Katika riwaya, msichana anateleza na kutumbukia mtoni. Kiumbe anatoka mafichoni, anapambana na mkondo, anamvuta hadi ukingoni na kuhangaika kumzindua, na malipo yake ni risasi kutoka kwa mwanamume anayemjia msichana huyo. Katika filamu, mtoto anayeitwa Maria anampokea bila woga, wanatupa maua ziwani na kuyatazama yakielea. Maua yanapokwisha mikononi mwake, kiumbe anambeba Maria na kumtupa, akitumaini naye ataelea. Ni tukio lililopigwa kwa huruma kubwa. Wakaguzi wa filamu walilikata pale kiumbe anapomnyooshea mtoto mikono, kisha akaonekana baba akipita kijijini na maiti, na kwa miongo mingi watazamaji wakaachwa wajaze pengo hilo kwa mawazo mabaya kuliko picha yenyewe, hadi kipande kiliporudishwa katika miaka ya 1980. Hata hivyo, pamoja na ukamilifu wake wa sasa, kiumbe aliyeokoa bado ameondolewa, na nafasi yake ameshika kiumbe aliyezamisha.

Najua filamu ya dakika 70 hivi haiwezi kubeba kila kitu. Barua za nahodha Walton kutoka bahari ya barafu ziliachwa, na sioni hasara kubwa. Sauti ya kiumbe haiko katika hesabu hiyo, na nilifurahi Guillermo del Toro, katika filamu yake ya mwaka 2025, alipompa Jacob Elordi sehemu nzima ya kusimulia upande wa kiumbe.

Whale naye alirudi kwenye deni hilo mwaka 1935, katika filamu ya pili inayomhusu bibi harusi wa kiumbe. Kipofu anayeishi peke yake msituni, ambaye mwenziwe katika riwaya ni mzee De Lacey, kipofu vilevile, anamkaribisha ndani, anampa mkate na divai, anampigia fidla na kumfundisha maneno machache. Kiumbe anatokwa na machozi. Kisha wanaingia wawindaji wawili wenye macho yanayoona, kibanda kinashika moto, kipofu anaondolewa, na kiumbe anatoka peke yake kwenye moshi akiita kwa neno alilofundishwa: rafiki.